Abraham Lincoln, Wakili wa Mbuga za Illinois: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tunamjua Abraham Lincoln kwa mambo mawili: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kukomeshwa kwa utumwa nchini humo. Miaka yake minne ya urais imeifunika karibu robo karne aliyoishi kwa uwakili, akipanda farasi kutoka mahakama ya kaunti moja hadi nyingine, akidai madeni ya wenye maduka na kugombania mipaka ya mashamba. Maswali yafuatayo yanahusu miaka hiyo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: rais yule alilelewa mahakamani, na anayemsoma bila kesi zake anabaki kumtazama sanamu.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Familia ya wakulima. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky, karibu na mji wa leo wa Hodgenville. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala.

Kentucky ya siku zile ilikuwa na balaa la ardhi. Upimaji ulifanywa ovyo, viwanja vilipandana, na mtu aliweza kulima shamba lake miaka kadhaa kisha akatokea mwingine mkononi ana karatasi ya zamani zaidi. Thomas alisumbuliwa na migogoro ya aina hiyo zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa 1816 akauvuka mto Ohio na mkewe na watoto, akahamia Indiana, ambako serikali ilikuwa inaipima ardhi kwanza ndipo iiuze. Lincoln aliandika baadaye kwamba utumwa ulikuwa sababu mojawapo ya kuondoka Kentucky, lakini sababu kubwa ilikuwa hati za ardhi. Basi sheria ilifika nyumbani kwao kabla yeye hajakutana na wakili yeyote, na ilifika kuwahamisha.

Huko Indiana mama yake, Nancy, alifariki mwaka 1818 kwa ugonjwa uliotokana na maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu. Lincoln alikuwa na miaka 9. Mama wa kambo aliyekuja mwaka uliofuata, Sarah Bush, alimpenda kijana huyu na akamwacha asome. Shuleni, ukijumlisha siku zote, hakumaliza hata mwaka mmoja.

Illinois ilikuwa nchi ya namna gani alipofika?

Familia iliingia Illinois mwaka 1830. Jimbo lilikuwa na umri wa miaka 12 tu. Kusini kulikuwa na misitu, katikati na kaskazini mbuga tupu za nyasi ndefu, barabara za matope, na miji ambayo mingine ilikuwa nyumba kumi na tano na kinu cha kusagia.

Lakini tusiseme ilikuwa nchi isiyo na wenyewe. Wasauk, Wapotawatomi, Wakickapoo na wengine waliishi humo, na waliondolewa kwa mikataba ambayo mingi ilibishaniwa tangu siku iliposainiwa. Mwaka 1832 kiongozi wa Wasauk, Black Hawk, alivuka mto Mississippi na watu wake kurudi kwenye ardhi yao ya zamani, na jimbo likaita wanamgambo. Lincoln alijiunga, na wenzake wakamchagua kuwa kapteni. Hakupigana hata pigano moja. Hati za mashamba alizokuja kuzitetea mahakamani baadaye zilisimama juu ya ardhi hiyo iliyochukuliwa, na sioni namna ya kuisimulia habari yake kwa haki bila kulitaja hilo.

Ni kweli kwamba alijisomea sheria mwenyewe?

Ni kweli, na halikuwa jambo la ajabu kwa wakati ule. Mawakili wengi wa magharibi walisoma vitabu katika ofisi ya wakili mkongwe, wakisaidia kunakili hati. Lincoln hata ofisi hiyo hakuwa nayo. Aliishi New Salem, kijiji kilicho umbali wa kilomita kama 30 kutoka Springfield, na alikuwa akienda mjini kuazima vitabu kwa John Todd Stuart, wakili aliyefahamiana naye kwenye vita vya Black Hawk. Kitabu kikuu kilikuwa ufafanuzi wa sheria za Uingereza ulioandikwa na Blackstone, ambao karibu kila wakili wa Marekani wa enzi hiyo alianzia hapo.

Wakati huohuo alikuwa na kazi za kumpatia chakula: mkuu wa posta wa kijiji tangu 1833, na msaidizi wa mpima ardhi wa kaunti. Kabla ya hapo alishirikiana na mtu mwingine kufungua duka, likafa, mshirika wake akafariki, na deni lote likamwangukia. Wadai walimshtaki. Farasi wake na vifaa vya upimaji vikachukuliwa na kupigwa mnada, na ni jirani mmoja aliyevinunua akamrudishia. Ilimchukua miaka mingi kumaliza kulipa.

Naomba msomaji alishike hili. Mtu ambaye sehemu kubwa ya kesi zake za baadaye ilikuwa ya madeni alikuwa amewahi kusimama upande wa mdaiwa, na mali yake ikauzwa hadharani.

Alipata lini leseni?

Tarehe 9 Septemba 1836, akiwa na miaka 27. Jina lake liliingizwa rasmi kwenye orodha ya mawakili wa Illinois tarehe 1 Machi 1837. Aprili mwaka huo alihamia Springfield, hana pesa, akalala chumba kimoja na mwenye duka aitwaye Joshua Speed, ambaye akawa rafiki yake wa karibu kuliko wote.

Mbona aliingia kwenye siasa kabla ya kuwa wakili?

Kwa sababu siasa haikuhitaji leseni. Mwaka 1832 aligombea ubunge wa jimbo akashindwa, akashika nafasi ya 8 kati ya wagombea 13. Lakini New Salem, ambako watu walimjua kwa sura, alipata kura 277 kati ya 300. Mwaka 1834 akagombea tena akashinda, na alichaguliwa mara nne mfululizo. Ni bungeni ambako Stuart alizidi kumhimiza asome sheria.

Katika bunge hilo alikuwa miongoni mwa waliopigania makao makuu ya jimbo yahamishwe kutoka Vandalia kwenda Springfield, wakafanikiwa. La muhimu zaidi ni hili: mwezi Machi 1837, yeye na mbunge mmoja tu mwingine, Dan Stone, waliweka kwenye kumbukumbu za bunge tamko kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Walisema vilevile kwamba Kongresi haina mamlaka ya kikatiba ya kuugusa ndani ya majimbo yenye utumwa. Nusu ya kwanza inatoka moyoni, ya pili inatoka kwenye vitabu vya sheria, na mvutano kati ya nusu hizo mbili alikwenda nao hadi ikulu.

Alifanya kazi na nani?

Alishirikiana na Stuart tangu 1837 hadi 1841, kisha Stephen Logan hadi 1844. Logan alikuwa mkali wa maandishi na ndiye aliyemfundisha kuiandaa kesi ipasavyo. Halafu akamchukua William Herndon, kijana ambaye Lincoln alimzidi umri kwa miaka karibu 10, na ushirika wao haukuvunjwa rasmi hadi Lincoln alipouawa. Ofisi yao ilikuwa shaghalabaghala. Herndon alisimulia kwamba barua na hati Lincoln aliziweka ndani ya kofia yake ndefu, na kwamba kulikuwa na furushi la karatasi lililoandikwa: ukikosa kitu kila mahali, tafuta humu.

Huo "mzunguko" unaotajwa sana ulikuwa nini?

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake ya uwakili.

Kaunti za Illinois zilikuwa na watu wachache, hazikuweza kila moja kuwa na jaji wake. Kwa hiyo jaji mmoja alipewa kundi la kaunti, akazizungukia mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Mawakili walifuatana naye. Mzunguko wa Nane, aliokuwamo Lincoln, kwa muda mrefu ulikuwa na kaunti 14, na njia yake ilizidi kilomita 600. Safari moja ilichukua zaidi ya miezi miwili. Walikwenda kwa farasi au gari la kukokotwa, wakivuka vijito visivyo na madaraja, na jua la mbuga au mvua ya mawe juu ya vichwa vyao.

Msafara ukiingia mji mdogo, mahakama ilifunguliwa kwa siku chache. Wiki ya mahakama ilikuwa sikukuu: wakulima walikuja na familia zao kusikiliza, kuuza na kununua, na kupata habari. Mawakili wa mji huo waliwashika mkono wale wa msafara wawasaidie, na Lincoln mara nyingi alipewa kesi asubuhi akaisimamia mchana, baada ya kuzungumza na mteja chini ya mti. Hakukuwa na muda wa kufukua vitabu. Ilibidi ulijue jambo lililo kiini cha ugomvi, uliseme kwa maneno ambayo wakulima 12 waliokaa kwenye jopo la kuamua kesi wangeyaelewa, na mengine uyaachie upande wa pili.

Mawakili wenzake walisimulia kwamba alikuwa akikubali hoja baada ya hoja ya mpinzani, "hilo sawa, na hilo sawa," hadi msikilizaji akadhani kesi imekwisha kupotea. Kisha akaishikilia hoja moja aliyoibakiza, na hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe.

Usiku walilala wawili kitanda kimoja katika nyumba za wageni, jaji na mawakili na wakati mwingine hata mashahidi kwenye meza moja ya chakula. Jaji tangu 1848 alikuwa David Davis, mtu mnene kupindukia, na inasemekana yeye peke yake alipewa kitanda chake. Davis alimwamini Lincoln kiasi cha kumkalisha kwenye kiti cha jaji alipopata dharura. Wengine walirudi makwao mwisho wa juma, Lincoln alibaki akaumaliza mzunguko wote. Matokeo yake ni kwamba kufikia miaka ya 1850 katikati ya Illinois hapakuwa na mji ambao hakuwa na mtu aliyemtetea, aliyemshinda au aliyekula naye.

Alikuwa na kesi ngapi, na za nini?

Watafiti waliopekua majalada ya mahakama za Illinois wamepata zaidi ya kesi 5,000 zilizopita mikononi mwake na washirika wake, na mamia kati yake zilifika Mahakama ya Juu ya jimbo. Picha ya mtetezi wa wanyonge katika kesi za mauaji ni sehemu ndogo sana. Nyingi ni hati za deni ambazo hazikulipwa. Zilizobaki ni talaka, mirathi, kashfa, ng'ombe walioingia shamba la jirani, farasi aliyeuzwa akiwa mgonjwa.

Reli zilipofika, kesi zilikua. Mwaka 1856 Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua, kwa upande wa Lincoln, kwamba kaunti ya McLean haiwezi kuitoza kodi kampuni ya reli ya Illinois Central. Alidai ada ya dola 5,000, kampuni ikakataa, akaishtaki na kulipwa. Kisha akaendelea kuifanyia kazi.

Mwaka huohuo, tarehe 6 Mei, boti ya mvuke Effie Afton iligonga nguzo ya daraja la kwanza la reli kuvuka mto Mississippi, kule Rock Island, ikaungua. Wenye boti walishtaki. Kesi ilisikilizwa Chicago mwaka 1857, na Lincoln, akiwa upande wa daraja, alieleza mkondo wa maji, kasi yake na pembe ya nguzo kama mtu aliyekulia mtoni, na kweli alikuwa ameendesha mashua bapa hadi New Orleans akiwa kijana. Jopo halikuafikiana, na daraja likabaki. (Mtu huyu alikuwa na hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, namba 6,469 ya mwaka 1849, ya chombo cha kunyanyua boti zilizokwama kwenye maji haba. Hakuna rais mwingine wa Marekani mwenye hataza.)

Kesi ya almanaka na mwezi ni ya kweli au ni hadithi?

Ya kweli. Usiku wa tarehe 29 Agosti 1857, karibu na mkutano wa dini wa nje, James Metzker alipigwa, na baadaye akafariki. Mmoja wa walioshtakiwa ni William Armstrong, ambaye wote walimwita Duff. Baba yake, Jack Armstrong, alikuwa mpiga mieleka wa New Salem aliyepambana na Lincoln walipokuwa vijana wakaishia kuwa marafiki. Mama yake, Hannah, alikuwa amemlisha Lincoln na kumshonea nguo siku alizokuwa hana kitu. Sasa alikuwa mjane, na Lincoln akamwandikia kwamba angependa kumtetea kijana.

Kesi ilisikilizwa Beardstown tarehe 7 Mei 1858. Shahidi mkuu, Charles Allen, alidai aliona pigo kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu angani. Lincoln akamrudisha mara kwa mara kwenye jambo hilo: mwezi ulikuwa wapi? Ulikuwa umepanda? Uliona vizuri? Shahidi akajifunga zaidi kila alipojibu. Ndipo Lincoln akaomba almanaka isomwe, ikaonyesha kwamba saa hiyo mwezi ulikuwa chini, unakaribia kutua. Duff akaachiwa huru, na Hannah hakulipa senti.

Baadaye uvumi ulienea kwamba almanaka ile ilighushiwa. Wataalamu wa falaki wa zama zetu wamekokotoa upya nafasi ya mwezi wa usiku ule, na almanaka ilikuwa sahihi.

Nimesikia aliwahi kumtetea mwenye watumwa. Inawezekanaje?

Iliwezekana, na ilitokea. Mwaka 1847 Robert Matson, mwenye shamba Kentucky na ardhi Illinois, alikuwa amewaleta watumwa wake kaunti ya Coles kulima. Jane Bryant na watoto wake wanne walipotishiwa kurudishwa Kentucky wakatoroka, wakapokewa na watu wawili wapinga utumwa. Matson akaenda mahakamani kuwadai, na mmoja wa mawakili wake alikuwa Lincoln. Hoja ilikuwa kwamba watu hao walikuwa wapitaji tu, hawakuletwa kukaa, hivyo sheria ya uhuru ya Illinois haiwahusu. Mahakama ikaikataa hoja hiyo. Jane na watoto wakawa huru.

Miaka sita kabla, mwaka 1841, Lincoln huyohuyo alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Illinois katika kesi ya Bailey dhidi ya Cromwell. Bailey alitoa hati ya deni ili kumnunua mwanamke mweusi aitwaye Nance, na sasa alidaiwa. Lincoln alimtetea, na mahakama ikaamua kwamba ndani ya Illinois kila mtu anahesabiwa huru, bila kujali rangi, na mauzo ya mtu huru ni batili.

Wapo wanaoiondoa kesi ya Matson kwa kusema wakili humtetea yeyote anayemjia. Mimi sikubali jibu hilo jepesi. Lincoln alikataa kesi nyingine maishani mwake, na angeweza kuikataa hii. Kama angeshinda, mama na watoto wanne wangerudishwa utumwani kwa ulimi wake. Nadhani kesi hii lazima ikae kwenye wasifu wake bila kupakwa chokaa, kwa sababu inatuonyesha umbali aliokuwa bado hajautembea.

Aliwahi kuwa mbunge wa taifa?

Kipindi kimoja, 1847 hadi 1849, kwa chama cha Whig. Alimbana Rais Polk kuhusu vita dhidi ya Meksiko, akimtaka aonyeshe mahali hasa damu ya Wamarekani ilipomwagwa na kama palikuwa ardhi ya Marekani. Ni mahojiano ya mahakamani yaliyopelekwa bungeni. Nyumbani hayakupendwa. Aliomba kazi ya ukuu wa ofisi ya ardhi ya serikali akanyimwa, akapewa ugavana wa Oregon akaukataa, akarudi kwenye mzunguko.

Nini kilimrudisha kwenye siasa?

Sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854. Ilisukumwa na Seneta Stephen Douglas, naye wakili wa Illinois, na iliruhusu walowezi wa maeneo hayo kuamua wenyewe kama watakuwa na utumwa. Ilifuta mapatano ya 1820 yaliyouzuia huko. Tarehe 16 Oktoba 1854, Peoria, Lincoln alizungumza kwa saa tatu hivi, akipanga historia ya sheria hatua kwa hatua hadi kwenye hoja kwamba hakuna mtu mwema kiasi cha kumtawala mwenzake bila ridhaa yake. Mwaka 1855 akakosa useneta, akajiunga na chama kipya cha Republican, na 1857 hukumu ya Dred Scott, iliyosema watu weusi si raia wa Marekani, ikamzidishia ari.

Midahalo na Douglas ilikuwaje?

Saba, kuanzia Ottawa tarehe 21 Agosti 1858 hadi Alton tarehe 15 Oktoba. Mmoja alifungua kwa saa moja, wa pili akajibu kwa saa moja na nusu, wa kwanza akamalizia kwa nusu saa. Ni utaratibu wa hotuba za mawakili mbele ya jopo, na maelfu walisimama juani kusikiliza. Lincoln alishikilia kwamba utumwa ni uovu na usiachwe uenee. Lakini huko Charleston, kaunti ileile ya kesi ya Matson, alitamka kwamba hataki usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi. Maneno hayo yako kwenye kumbukumbu na yanachoma hadi leo.

Bunge la jimbo ndilo lililochagua seneta, likampa Douglas kura 54 na Lincoln 46. Hata hivyo midahalo ilichapishwa magazetini nchi nzima.

Wakili wa mbugani alishindaje uteuzi wa urais?

Kwa marafiki wa mzunguko. Mkutano wa Republican ulifanyika Chicago Mei 1860, na aliyetarajiwa ni William Seward wa New York. Aliyeongoza kambi ya Lincoln ni Jaji David Davis, akisaidiwa na Leonard Swett, wakili aliyesafiri nao miaka mingi. Aliyelitaja jina la Lincoln rasmi mkutanoni ni Norman Judd, wakili wa reli aliyemwingiza kwenye kesi ya daraja. Walizunguka kwa wajumbe wa kila jimbo wakiomba jambo moja: kama Seward akikwama, Lincoln awe chaguo la pili. Seward alikwama, na tarehe 18 Mei, raundi ya tatu, Lincoln akapita. Novemba alishinda urais kwa karibu asilimia 40 ya kura, wagombea wakiwa wanne.

Uwakili ulimsaidia alipokuwa rais?

Ulimsaidia, na mahali pengine ulimbana. Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863 limeandikwa kwa lugha kavu ya hati ya mahakama. Linawakomboa watumwa wa maeneo yaliyoasi tu, kwa sababu Lincoln alilijenga juu ya mamlaka ya amiri jeshi wakati wa vita, na mamlaka hayo hayakufika majimbo yaliyobaki ndani ya Muungano. Alijua pia kwamba vita vikiisha mahakama ingeweza kuuliza tangazo lina nguvu gani, ndiyo maana alisukuma Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopita Baraza la Wawakilishi tarehe 31 Januari 1865.

Mwaka 1861 alisimamisha haki ya aliyekamatwa kuletwa mbele ya jaji, bila kuingoja Kongresi, na Jaji Mkuu Taney akasema hana mamlaka hayo. Lincoln alijibu kwa kuuliza kama sheria zote zivunjwe ili moja isiguswe. Nakiri hoja ina uzito, ila ni hoja hatari mikononi mwa mtawala asiye na dhamiri.

Mwaka 1862, baada ya vita vya Wadakota huko Minnesota, tume ya jeshi ilihukumu watu 303 kunyongwa, wengine kwa kesi za dakika chache. Lincoln alitaka majalada yote, akayapitia moja moja. Waliobaki wakanyongwa ni 38, siku moja, tarehe 26 Desemba. Aliokoa wengi, na bado hayo ndiyo manyongo makubwa kuliko yote ya siku moja katika historia ya Marekani.

Ni kweli alimteua waziri aliyewahi kumdharau mahakamani?

Edwin Stanton. Mwaka 1855, katika kesi ya hataza ya mashine ya kuvunia huko Cincinnati, Stanton na mawakili wenzake wa mashariki walimtenga Lincoln kabisa, ingawa alikuwa ameandaa hoja. Alibaki akawasikiliza ili ajifunze. Januari 1862 alimpa Stanton uwaziri wa vita.

Kuna chochote kinachomuunganisha na pwani yetu?

Vita alivyoviongoza viligusa soko la Zanzibar. Tangu mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha merikani, ambacho misafara ya bara ilikitumia kama fedha, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Pamba ya kitambaa hicho ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Vita vilipoanza 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Kijana anayetaka kusomea sheria anaweza kumwiga?

Mwaka 1855 kijana mmoja alimwandikia akiomba kusoma chini yake. Lincoln alimjibu kwamba hakai ofisini vya kutosha kumfundisha, ila akimaanisha kweli kuwa wakili, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha. Apate vitabu, avisome hadi avielewe. Leo vyuo na mitihani ya uwakili haikwepeki. Kinachofaa zaidi, naona, ni maandishi yake ya maandalizi ya mhadhara kwa mawakili: wapatanishe majirani kila inapowezekana, kwa kuwa hata anayeshinda kesi hupoteza kwa ada na muda; usichukue ada yote mapema, usije ukapoteza hamu ya kazi; na ukiona huwezi kuwa wakili mwaminifu, kuwa mwaminifu ufanye kazi nyingine.

Alikufa vipi?

Alipigwa risasi na mwigizaji John Wilkes Booth katika ukumbi wa Ford's, Washington, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafariki asubuhi iliyofuata akiwa na miaka 56.

Nikienda Illinois, nione nini kinachohusu uwakili wake?

Springfield kuna nyumba aliyoishi na mkewe Mary Todd, jengo lenye ofisi yake na Herndon mkabala na bunge la zamani, na kaburi lake Oak Ridge. New Salem imejengwa upya kama kijiji cha kumbukumbu. Kwa anayependa mahakama kuliko makumbusho, aende Mount Pulaski na Metamora, ambako majengo ya mahakama za mzunguko bado yamesimama, kisha Beardstown, kwenye chumba ilikosikilizwa kesi ya Duff Armstrong.